Asiyekula kwa Mama Yake

Kabla kiungulia hakijamshika, Mihayo Chenge alikuwa mla nyama wa kujulikana. Pale Mabatini, mjini Mwanza, wauza supu walimwekea kongoro lake kabla hajafika, maana walijua kwamba asubuhi na mapema, mvua inyeshe au jua liwake, atatokea na kofia yake ya kazini, atakaa kwenye benchi la mwisho na kumaliza mabakuli mawili kwa pilipili ya kumliza mtu mwingine. Kisha chai ya rangi, nzito, kisha kazini. Alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba, upande wa kufunga marobota, na kazi ya marobota ni ya kuinama. Unainama kupitisha waya, unainama kuukaza, unainama kusukuma, mpaka king'ora kilie.

Huko kwenye kuinama ndiko ugonjwa ulikomkuta. Mwaka wa sabini na mbili ulianza kama moto mdogo chini ya kifua. Mwaka uliofuata akiinama tu, maji makali yanapanda mpaka kooni, na meno yanaingia ganzi kama aliyekula ndimu. Wenzake walimcheka. Kiungulia, kila mtu anajua, ni cha wajawazito, na mwanamke akiungulia sana husemwa kwamba mtoto atazaliwa na nywele nyingi.

"Chenge, huyo wako atatoka amesuka kabisa," walimwambia.

Akacheka nao, angefanya nini? Akatafuna mkaa. Akalamba magadi. Akanywa maziwa kila jioni kwa sababu yalimpoza kwa nusu saa, na nusu saa ikiisha moto ukarudi na ndugu zake wote. Ikafika mahali akawa halali tena kitandani. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na mkewe Jovitha akabaki na kitanda kizima, akimsikiliza anavyokohoa. Mwili ukamwisha. Mkanda wa suruali akautoboa matundu mapya kwa msumari.

Jovitha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mhaya wa kutoka upande wa Bukoba, mwanamke asiyependa kusema jambo mara mbili. Januari ya sabini na nne alimshika mumewe mkono akampeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya kuchoka. Alimwuliza anakula nini. Mihayo akamhesabia, na kwa kweli alihesabu kwa majivuno kidogo, kama mtu anayetaja ng'ombe wake. Daktari akaweka kalamu chini.

"Wewe unakula kama mtu anayeajiriwa kula," akasema. "Nyama uache. Mafuta uache. Mtindi, pilipili, chai ya rangi, pombe, vyote uache. Kula vya shambani: viazi, ndizi, maboga, mchicha, mlenda, papai. Kula kidogo kidogo, na jua likizama usile tena."

"Mpaka lini, dokta?"

"Unataka kulala kitandani mpaka lini?"

Basi Jovitha alipata nafasi aliyoingojea tangu aolewe. Kwao ndizi ndicho chakula, vingine ni vya kupotezea muda. Akachemsha ndizi na mchicha bila tone la mafuta, akaponda maboga, akamfungia viazi vitamu vya kwenda navyo kazini, akamkata papai asubuhi mahali pa supu. Wiki ya kwanza Mihayo alikula kwa huzuni ya mfiwa. Wauza supu walimwona akipita upande wa pili wa barabara, uso ameugeuza kama mwenye deni. Lakini ilipofika Pasaka alijinyoosha kitandani, chali, akalala hivyo mpaka kulipokucha. Jovitha alipoamka na kumwona alilia, kisha akaona aibu ya kulia akasema, "Nilishazoea kwamba nimeolewa na ukuta."

Yangeishia hapo, ingekuwa hadithi ya furaha. Lakini Mihayo alikuwa na mama.

Mama yake aliitwa Kija, na aliishi ng'ambo ya ghuba, nyuma ya Sengerema. Alikuwa mjane. Alizaa watoto watano akazika wanne, na Mihayo ndiye aliyebaki. Kama Mungu alimnyima mengine, alimpa mkono wa kupika. Harusi yoyote, msiba wowote, siku yoyote ya kupura mtama, Kija ndiye aliyeitwa kusimamia vyungu vikubwa, na watu walisema nyama iliyopita mikononi mwake hata asiye na meno ataimaliza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka hiyo yote. Hakuna aliyeyaona vibaya wakati huo. Yalikuwa macho ya mpishi.

Zamani mji wake ulikuwa peke yake kwenye mteremko, na jirani aliyetaka kujua umepika nini alilazimika kutembea. Mwishoni mwa sabini na nne ikaja Operesheni Vijiji. Kija akahamishwa na wenzake, wakapangwa kwenye mistari, nyumba inatazamana na nyumba, mlango unatazamana na mlango. Walisogezewa shule, walisogezewa zahanati, na pamoja na hayo walisogezewa macho ya watu.

Mihayo alikwenda kumsalimu kwa mara ya kwanza katika kijiji hicho kipya mapema mwaka wa sabini na tano. Alivuka kwa pantoni ya Busisi akiwa na kikapu, na ndani yake ndizi za kuchemsha alizofungiwa na Jovitha kwenye majani, na mapapai mawili. Alikuwa amelifikiria jambo hili njia nzima, na alidhani amelifikiria vizuri. Kwa Wasukuma mgeni hapewi majani. Majani ni chakula cha mwaka wa njaa, na mwaka ule njaa ilikuwepo kweli, watu wanasubiri mahindi ya njano ya serikali. Kumwomba mama yako akupikie mlenda na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ni kumwambia usoni kwamba umeuona umaskini wake. Afadhali aje na chake, ale kimyakimya, amwondolee mama aibu. Hivyo ndivyo mtoto mwenye heshima alivyowaza, na wala hakuwa mjinga.

Kija alimwona tangu mbali. Mihayo alipofika mlangoni, jogoo alikuwa ameshachinjwa.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo utakula mpaka uombe msamaha."

"Mayu, nyama nimekatazwa hospitali. Ni tumbo."

Mama akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Na hapo ndipo dawa yenyewe ilipomponza Mihayo, kwa sababu mwili ulikuwa umerudi, ngozi inang'aa, shingo imejaa. Hakuwa na sura ya mgonjwa hata kidogo.

"Tumbo gani, mbona umenawiri?"

Pale ndipo palipokuwa mahali pa kueleza. Palikuwa mahali pa kusema habari za maji makali, na ukuta, na mkaa aliotafuna. Lakini kabla hajafungua kinywa wanaume wa mstari ule wakaingia kumpokea, na mbele yao alikuwa Nkwabi, rika lake, ambaye ujanani walishindana naye kumaliza paja la mbuzi, na Mihayo akashinda. Aibu ikamkamata. Mwanamume mzima aseme anaungulia kama mke aliye na mimba? Aseme anakula majani kwa amri ya mke wa Kihaya?

"Nimekula Sengerema, nimeshiba," akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

Jogoo akaliwa na wageni. Baadaye, watu wameshatawanyika, Nkwabi alirudi kuchukua fimbo aliyoisahau, akamkuta Mihayo nyuma ya nyumba, amechuchumaa, anakula ndizi baridi kutoka kwenye jani. Macho yao yakakutana. Nkwabi akachukua fimbo yake akaondoka, na laiti angeuliza, hata kwa matusi!

Alikwenda tena mwezi wa tano, na tena mwezi wa nane. Mara zote na kikapu. Mara ya tatu Kija hakuchinja. Alikaa tu naye kizingitini, wakazungumza habari za mvua, na Mihayo akafurahi moyoni kwamba hatimaye mama amezoea.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kuongeza kwamba yako maradhi ambayo ukiyaficha humuumbua mtu mwingine.

Mwaka ule Nkwabi alifiwa na mtoto wa miezi minane kwa kuhara. Watu walikuwa wamebanana, kisima kimoja, masika yameingiza kila kitu kisimani, na watoto walikufa katika nyumba zaidi ya moja. Lakini mfiwa hatafuti kisima. Mfiwa anatafuta mtu. Nkwabi alikumbuka alichokiona nyuma ya ile nyumba, akakisema mara moja tu, msibani, na hakuhitaji kukirudia.

"Kija huyu, hata mwanawe wa kumzaa hali chakula chake. Yeye anajua tusichokijua."

Siku ya shamba la ujamaa wanawake walipika pamoja mchana kama kawaida. Kija alipofika kwenye vyungu mmoja wao akampokea mwiko mkononi, kwa adabu zote, akamwambia, "Wewe mama pumzika, umechoka." Aliambiwa apumzike wiki hiyo, na wiki iliyofuata. Harusi ya kwanza baada ya mavuno hakuitwa. Akaenda bila kuitwa, akaketi pembeni, akapewa chakula cha kwake peke yake kwenye sahani yake. Watoto wakaanza kukimbia wakimwona. Macho yale mekundu sasa yakapata maana nyingine.

Mihayo aliyajua haya mwanzoni mwa mwaka wa sabini na sita, wakati Ng'washi, mama yake mdogo, alipovuka na pantoni kwa safari yake ya kwanza kuja mjini, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akamfikia Mabatini. Hakutaka hata maji.

"Mihayo, mama yako umemfanya nini?"

"Mimi, mama? Nimemfanya nini?"

"Watu wanasema umemkimbia mkono. Wanasema kama wewe unaogopa sumu yake, wao ni nani wasiogope? Juzi kuna mtu kalewa akapita mlangoni kwake akisema panga lake ni kali. Unasikia? Bibi mwenzake wa kijiji cha pili, aliyesingiziwa uchawi kama yeye, wamemzika mwezi uliopita, na si ugonjwa uliomuua. Njoo ule kwa mama yako, watu wakuone. Ukichelewa utakuja kula kwenye matanga yake."

Mihayo aliketi chini. Ilikuwa kama kufumbuliwa macho kwa maji ya moto. Alimweleza Ng'washi yote, daktari, kinu, kiungulia, naye mama mdogo akamsikiliza kwa hasira inayozidi kupanda.

"Kiungulia!" akasema. "Dada yangu anataka kuuawa kwa sababu ya kiungulia!"

Jovitha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza taratibu, "Baba Felicitas, kwani mama hajui kupika majani?"

Lilikuwa swali la kawaida la mwanamke anayepika. Mihayo alikatazwa nyama. Hakukatazwa mkono wa mama yake. Michembe anayo, mlenda anao, majani ya kunde ya kukausha amejaza vibuyu. Angeweza kula kwake kila alipokwenda, akashiba, akalala salama, na hakuna mtu ambaye angekuwa na la kusema. Alimficha mama umaskini ambao mama hakuuonea aibu.

Walivuka wote watatu Jumapili hiyo. Ng'washi aliita watu, mwenyekiti wa kijiji, majirani wa mistari miwili, na Nkwabi pia, akaja akasimama nyuma. Mikeka ikatandikwa mbele ya mlango, mchana kweupe. Kija alipika tangu asubuhi. Alipika kama zamani, ameweka kila kitu mahali pake, lakini hakuimba, na zamani alikuwa akiimba.

Alileta ugali wa mtama, mlenda, majani ya kunde na michembe ya kuchemsha. Akapiga magoti mbele ya mwanawe. Mihayo akanawa, akanyoosha mkono, na kabla hajafika kwenye sahani mama yake akamshika kiganja, akamzuia.

Iko desturi ambayo kila mnywaji anaijua. Anayekupa kibuyu cha pombe hutangulia kunywa yeye, funda moja, ili uone hakuna kitu ndani. Ni desturi ya pombe, na ya watu wasiojuana vizuri. Hakuna mama anayemfanyia mtoto aliyemnyonyesha.

Kija alimega tonge, akachovya kwenye mlenda, akala. Akala michembe. Akala majani. Alikula polepole, akitazama watu na si chakula, na tonge la mwisho mkono ulitetemeka likamwangukia gauni. Kisha akasema, "Sasa kula, mwanangu."

Mihayo alikula huku machozi yanaingia kinywani. Alikula yote, mpaka akafuta sahani kwa kidole. Kisha akasimama akawaambia watu ukweli wote, ugonjwa wake, aibu yake, ukuta aliolala nao. Wengine walicheka aliposema kiungulia. Mwenyekiti akasema neno zuri la umoja na udugu. Kwa muda wa jioni moja ilionekana mambo yamekwisha.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kabla Mihayo hajafika Busisi kurudi Mwanza, maneno yalikuwa yameshapata njia nyingine ya kupita. Amekula majani tu, mbona nyama hakugusa? Amechanjwa dawa mjini kwanza, ndiyo maana amethubutu. Na yule bibi, mmeona alivyotetemeka? Mtu mwenye moyo safi anatetemekea nini? Ukila ni kosa, usipokula ni kosa. Uvumi haujui kushindwa.

Wiki mbili baadaye Kija aliamka akakuta mafiga yake yote matatu yameng'olewa jikoni na kutupwa njiani. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Mwenyekiti mwenyewe alimtumia Mihayo ujumbe: mchukue mama, na usingoje mwisho wa mwezi.

Basi Kija akaja Mabatini, akaishi miaka mitatu kwenye chumba cha wajukuu. Jovitha alimpokea kwa mikono miwili, akamsogezea jiko. Kija akakataa. Alichambua mboga, alipepeta, aliosha vyombo, alimenya ndizi za mkwewe, lakini chungu kilipopanda motoni alitoka nje akaketi barazani. Jovitha alimwomba, Mihayo alimwomba, Felicitas mjukuu wake alimwomba kwa kudeka. "Nimeshapika vya kutosha," ndilo jibu lake. Alikula alichopewa, akashukuru.

Na alikuwa na tabia moja. Kitu chochote alichompa mtu, hata maji ya mtungi, alionja yeye kwanza. Jirani akiomba maji, Kija anachota, anapiga funda, ndipo anampa kwa mikono miwili. Watoto wakija kuchukua karanga anatafuna moja mbele yao kwanza. Wanawake wa Mabatini hawakujua habari za ng'ambo. Walisema bibi huyu amelelewa, wazee wa shamba wana adabu, siku hizi utampata wapi mtu kama huyu? Mihayo alisikia sifa hizo akaingia ndani.

Mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tisa, vita vimepamba moto na sukari haionekani madukani, Kija akaanza kuvimba miguu. Mihayo alikuwa akikaa naye jioni akitoka kinuni. Siku moja alikohoa kidogo, vumbi la pamba tu, na mama yake akajikongoja mpaka mtungini, akachota kikombe, akakiinua mdomoni.

"Usionje, mayu," Mihayo akasema. "Nakuomba. Mimi usinionjee."

"Naonja ili usiogope."

"Sijawahi kukuogopa. Hata siku moja."

Kija akakiteremsha kikombe mapajani. Akauliza kwa sauti ndogo, bila lawama, kama mtu anayeuliza jambo alilolibeba muda mrefu na sasa limekuwa jepesi, "Basi mbona ulikataa kula kwangu?"

Mihayo alidhani mama anajua. Alidhani alisikia yote siku ile ya mikeka, kama walivyosikia wengine. Kumbe siku ile mama alikuwa akitazama nyuso za watu, na maneno ya mwanawe aliyachukua kuwa ni maneno ya kumwokoa, uongo mwema wa mtoto mwema. Miaka yote hii mama aliamini kwamba mwanawe alimwogopa, na bado akala naye meza moja, akamlelea watoto, akamchambulia mboga.

Akamweleza upya, tangu mwanzo. Marobota, maji makali, mkaa, magadi, daktari na kalamu yake, Nkwabi na ushindani wa ujanani, aibu ya kumwomba mama majani. Alimwita Jovitha aje ashuhudie, na Jovitha akashuhudia huku anajifuta macho kwa kanga. Kija alisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika kikombe.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Hata kama uliogopa, mimi nilikusamehe siku nyingi."

"Sikuogopa, mayu!"

"Nimesema sawa."

Akapiga funda moja, akampa kikombe kwa mikono miwili, naye Mihayo akakipokea akanywa. Kija alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa nyingi, na mwanawe hakupata kujua kama mama alimwamini.